Pombe na Kipigo Vitibiwe Pamoja: Mwongozo kwa Wanaowahudumia Akina Baba wa Mchombe

Mwongozo huu ni wa wale ambao mlango wao hugongwa usiku: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi wa zahanati, afisa ustawi wa jamii, mwenyekiti wa kitongoji, mchungaji, shehe, na yule mjomba ambaye ukoo mzima humtegemea kusuluhisha. Mchombe na vijiji vya jirani katika Bonde la Kilombero, kuanzia Mbingu hadi Mlimba, kesi ya baba mlevi anayepiga haikosi pa kupelekwa. Pa kupelekwa ni pengi mno, na hapo ndipo inapoharibikia. Kipigo kinakwenda kwa balozi, kwa wazee au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Pombe inaachiwa kanisa, msikiti na machozi ya mama mzazi. Huku anaonywa asipige tena, wala hakuna anayemuuliza anakunywa kiasi gani. Kule anaombewa aache pombe, wala hakuna anayemuuliza anamfanyia nini mkewe. Ninachotetea hapa ni kwamba mambo hayo mawili yashughulikiwe kwa mpango mmoja, na watu wale wale, na kwamba kinachoweza kumfanya mwanamume wa namna hiyo adumu kwenye mpango huo ni ubaba wake. Sharti ni moja: usalama wa mama na watoto hauwekwi rehani kwa matumaini ya kumponya baba.

Utaambiwa mapema kwamba tunazunguka bure; pombe ndiyo inayopiga, mwondolee pombe naye atakuwa mtu. Mara nyingi mke mwenyewe ndiye wa kwanza kusema hivyo: akiwa mzima hana shida. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Tafiti za taifa za afya na idadi ya watu zinaonyesha kwamba mwanamke ambaye mumewe hulewa mara kwa mara yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupigwa. Lakini zinaonyesha pia kuwa wake wa wasiokunywa tone nao hupigwa, tena si wachache. Utafiti wa 2015-16 ulikuta wanawake 40 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walishapigwa tangu watimize miaka 15. Ule wa 2022 ukakuta 27. Katika ule wa kwanza, asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali kwamba ipo angalau sababu moja inayompa mume haki ya kumpiga mkewe: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga, kutojali watoto, kumnyima unyumba. Mawazo hayo hayatoki kwenye chupa. Mwangalie mlevi mwenyewe akiwa njiani kurudi: anamwamkia mzee kwa heshima, anamkwepa anayemdai, akitukanwa na kijana mwenye misuli ananyamaza. Akifika kwake ndipo mkono unapoinuka. Kichwa kilichojua kumchagua wa kuheshimiwa na wa kukwepwa kilikuwa bado kinafanya kazi. Pombe inalegeza breki na inampa kisingizio cha asubuhi. Ruhusa ya kupiga alikuwa nayo kabla hajafika kilabuni. Ndiyo maana ukitibu pombe peke yake unaweza kubaki na mpigaji mzima asiyeyumba, na ukikemea kipigo peke yake unamwachia ulevi utakaofuta ahadi zake zote Jumamosi ijayo.

Ushahidi wa kuunganisha tiba hizo upo, na sehemu yake iko karibu nasi. Lusaka, Zambia, nchi ile ile inakoishia reli ya TAZARA inayopita hapa bondeni, watafiti walifuatilia familia 248 ambazo mume alikuwa mlevi na mke alikuwa anapata kipigo. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, si madaktari wa akili. Mume na mke walihudumiwa kila mmoja upande wake. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kipigo na ulevi vimepungua vyote, kiasi kwamba bodi iliyosimamia usalama wa utafiti ilishauri ulinganisho usitishwe kabla ya muda wake ili familia zilizokuwa zikisubiri nazo zipate huduma. Eldoret, Kenya, jaribio jingine liliwafundisha akina baba wa mtaani kuwashauri akina baba wenzao walevi: kupunguza pombe na kurudi kwenye shughuli za nyumbani na watoto, hatua kwa hatua. Walianza tisa, wakamaliza wanane, na kunywa kukapungua sana. Tisa ni wachache, na mtu mwenye busara hajengi sera ya taifa juu yao, ila wanatuonyesha kwamba baba wa kawaida anaweza kuifanya kazi hii. Rwanda ilikwenda mbali zaidi kwa idadi: wanandoa karibu 1,200 katika utafiti mmoja, nusu yao wakihudhuria mikutano iliyoongozwa na akina baba wa kujitolea, na waliohudhuria waliripoti kipigo kidogo zaidi kwa wake na kwa watoto. Marekani, mwanasaikolojia Carla Stover wa Chuo Kikuu cha Yale ametengeneza tiba maalumu ya akina baba wenye matatizo yote mawili, na anaanzia pale pale: mtu huyu anataka mtoto wake amwone vipi? Mwanamume anayekataa katakata kuitwa mlevi, na anayecheka akiambiwa haki za wanawake, mara nyingi hunyamaza akiulizwa mtoto wake hufanya nini akisikia hatua zake nje ya mlango.

Kabla hujamgusa baba, zungumza na mama, peke yake, mahali ambapo kuonekana kwake hakuzui maswali: kliniki ya watoto, kisimani, kwenye kikao cha VICOBA. Usimfuate nyumbani kwa jambo hilo wakati mume yupo, na usiwakalishe wote wawili pamoja eti kila mmoja aeleze upande wake. Kikao cha namna hiyo tunakipenda kwa sababu kinafanana na haki, lakini mama atakayesema ukweli mbele ya mpigaji atalala naye usiku ule. Muulize mambo ya hatari moja kwa moja. Je, amewahi kumkaba koo? Amewahi kushika panga au kutishia kumuua yeye au kujiua mwenyewe? Alimpiga akiwa mjamzito? Anamfuatilia kila anakokwenda? Je, mama mwenyewe anajiandaa kuondoka? Kukabwa koo ni ishara nzito kuliko jeraha linaloonekana, na siku za kuondoka ndizo za hatari kubwa kuliko zote. Likiwepo mojawapo la hayo, hii si kesi ya ushauri wa kijijini. Ni ya polisi na ustawi wa jamii, na kazi yako ni kumsaidia afike: mtu wa kumsindikiza, pa kulala, nauli, na kadi za kliniki za watoto zikiwa kwa ndugu anayeaminika. Aliyeumia atibiwe kwanza, fomu ya polisi ya PF3 ifuatiliwe bila kumchelewesha dawa. Mtoto akiwa hatarini, namba 116 hupigwa bure. Ya dharura ya polisi ni 112. Mtoto aliyenajisiwa hana usuluhishi wa wazee, hata ng'ombe wangapi watolewe.

Ukimaliza na mama, na yeye akakubali kwamba uzungumze na baba, chagua wakati. Hospitali ya KCMC kule Moshi imekuwa ikijaribu huduma inayoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambayo muuguzi humshauri kwa muda mfupi mtu aliyeletwa na majeraha, na mantiki yake inafaa kabisa hapa: mtu aliyeanguka na pikipiki juzi anasikia maneno ambayo mwezi uliopita yasingemwingia. Nyakati nyingine nzuri ni mtoto kuugua, mtoto kufaulu, mama kujifungua. Asubuhi, akiwa mzima, mwamkie kama unavyopaswa kumwamkia, shikamoo ikiwa amekuzidi, mwite Baba Fulani kwa jina la mtoto wake, anza na shamba. Usimwambie, "Mkeo kasema." Sema unazungumza na akina baba wengi kuhusu pombe na malezi, na iwe kweli: zungumza na wengi.

Kupima kiasi cha pombe ni kazi inayowashinda hata wataalamu. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, ambalo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita lilikotengenezwa na ambalo lina tafsiri ya Kiswahili iliyopimwa Moshi, lina maswali 10 na alama 40. Kuanzia 8 mtu ana unywaji wa hatari, na kuanzia 20 kuna uwezekano kwamba pombe imeshamkamata. Tatizo ni kwamba linauliza idadi ya vinywaji, wakati kilabuni kopo linazunguka, mmoja ananunua, wanne wanakunywa, na gongo inapimwa kwa jicho la muuzaji. Kwa hiyo fuata njia ya pembeni. Uliza alifika saa ngapi na kuondoka saa ngapi, alikuwa na nani, alitoa shilingi ngapi na akanunuliwa mara ngapi, anadaiwa kiasi gani kwa mali kauli. Kisha uliza swali ambalo mnywaji hulijibu bila aibu kwa kuwa halimwiti mlevi: asubuhi huwa anazimua? Anayelazimika kuzimua ili mikono itulie ashike jembe, huyo usimwambie aache leo.

Hapa pana kosa linaloweza kuua, na linafanywa kwa nia njema. Mtu aliyezoea pombe nyingi kila siku akikatishwa ghafla, kwa maombi au kwa kufungiwa ndani na kaka zake, huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya siku ya kwanza. Degedege inaweza kumpata ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani na kuzungumza na wasiokuwepo. Bondeni kwetu homa na kuchanganyikiwa husomwa haraka kuwa malaria imepanda kichwani, au kwamba amerogwa. Pima malaria, ndiyo, lakini kipimo kikionyesha hana, habari haijaisha, na kikionyesha anayo, vilevile haijaisha: mwambie mganga wa zahanati mgonjwa aliacha pombe lini. Tiba ipo, si ya ajabu. Ni diazepamu kwa kipimo cha daktari, maji, na vitamini B1, ambayo inatakiwa itangulie kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi. Mwenye historia ya degedege au ya kuweweseka alipoacha zamani apelekwe mapema Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, kabla ya siku ya kuacha, hasa masika, wakati barabara inaweza kukufungia njiani na mgonjwa. Anayelalamika kuona ukungu baada ya kunywa gongo apelekwe saa hiyo hiyo. Kuhusu bangi na dawa nyingine za kulevya niseme kwa ufupi: methadoni inayotolewa nchini tangu 2011, ilipoanzia Muhimbili, ni ya watumiaji wa heroini, haitibu pombe wala bangi. Kwa anayetafuta pa kuanzia, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokea simu bure kwa namba 119.

Mwili ukishatulia, ushauri wenyewe unaanza. Vikao vitano hadi kumi na viwili, mara moja kwa wiki, vinatosha kwa wengi wasio wagonjwa sana, na kila kikao kiguse mambo yote mawili. Chombo ninachokiamini kuliko vingine ni kurudia jioni mbaya ya mwisho, hatua kwa hatua, bila kuhukumu na bila kuruka. Tuseme mnunuzi alikuja na mizani saa nane mchana, akapima magunia mawili, fedha ikaingia kwenye simu. Saa tisa akapita kilabuni kulipa deni. Akalipa, akaongezewa moja la shukrani. Jua likazama. Njiani akawaza mke atauliza fedha, na kabla hajafika akawa ameshajibizana naye kichwani. Akakuta chakula kimepoa. Hapo alisema nini? Mkono wa kwanza uliinuka yeye akiwa anawaza nini? Mtoto alikuwa wapi? Wengi wakifika kwenye swali hili la mwisho hugundua hawajui, na kutojua huko kunawauma kuliko mahubiri. Kisha mrudi nyuma pamoja kutafuta jioni hiyo ingekatwa wapi: deni lingelipwa na kaka yake, fedha ingegawanywa mchana na sehemu ya chakula na sare za watoto ikatengwa kabla ya kutoka, saa kumi na moja jioni, ile saa ambayo miguu humpeleka kilabuni yenyewe, ingejazwa na kazi yenye mtoto ndani yake, kama kukagua daftari au kukata fito za banda. Na kubwa kuliko yote, akilewa, asiende nyumbani. Alale kwa nduguye aliyekubaliana naye mapema. Kumbuka tu kwamba kazi ya kumlinda asinywe haiwi ya mke. Akigeuzwa mlinzi, kila kopo litakuwa kosa lake.

Kuhusu ruhusa ya kupiga niliyoitaja, usikwepe. Mweleze wazi kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Wanaume wengi wanadhani sheria ni jambo la juzi lililoletwa na mashirika. Lakini sheria peke yake haibadilishi mtu, kwa hiyo mrudishe kwenye ubaba. Uchunguzi wa taifa wa 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walishapigwa ngumi, mateke au kuchapwa kabla ya kufika miaka 18. Baba huyu yumkini ni mmoja wao. Muulize alijisikiaje alipomwona baba yake akimwinulia mkono. Anayo majibu, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wapo watakaosema huku ni kumdekeza mhalifu: mwanamke anavuja damu, nyinyi mnamnywesha baba uji wa maneno. Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake si kwamba tiba inachukua nafasi ya polisi. Kosa kubwa liende mahakamani, na aliye kwenye ushauri akipiga tena ajue kwamba mshauri hatamfichia. Lakini tazama kinachotokea kesi inapobaki ya polisi peke yake. Mke anakwenda kuifuta, kwa kuwa palizi inamsubiri na shamba ni la wawili, au mume anatoka baada ya miezi na kurudi nyumba ile ile, kilabu kile kile, na hasira mpya. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza 2017/18 na sasa uko awamu ya pili, umeunda kamati hadi ngazi ya kata na kijiji. Kamati hizo zina mtu wa afya, wa ustawi na wa usalama mezani pamoja. Zikitumika kupokea taarifa tu, tunazipoteza. Kesi ya namna hii ndiyo ya kuzipa kazi.

Kuna pingamizi la kiuchumi pia. Wapika pombe wengi ni wanawake, wengine wajane, na sare na madaftari ya watoto wengi yanatoka kwenye pipa la kangara. Kuwafungia si haki wala hakufanyi kazi: viroba vilipigwa marufuku 1 Machi 2017, na pombe kali ikarudi ndani ya vichupa. Omba dogo linalowezekana. Mwenye kilabu asimkopeshe mtu aliye kwenye mpango, na asipokee gunia la mpunga badala ya fedha. Wengi wao watakubali, maana wanamjua mkewe. Kwa upande wa dini, sina ubishi na wokovu wala toba; watu wengi wameacha pombe kwa nguvu hiyo. Ombi langu kwa viongozi ni wasimharakishe mke kusamehe. Ushuhuda wa Jumapili haujapimwa na hata mwezi mmoja.

Mwisho, panga kwa kalenda ya mpunga, si ya ofisi. Familia nyingi za bonde huhamia mashamba ya mbali wakati wa kulima na wa kuamia ndege, wakaishi wiki kadhaa kwenye vibanda na madungu, ambako hakuna jirani wa kusikia kelele wala balozi wa kukimbilia. Kabla hawajahama, mama awe ameambiwa kibanda cha karibu ni cha nani, na simu yake iwe na salio na chaji. Kati ya Mei na Julai mpunga unavunwa, fedha inaonekana, na vilabu vinajaa. Baba aliyeacha Februari, mfuko ukiwa mtupu, bado hajajaribiwa. Atarudi nyuma mara moja au mbili, na kurudia pombe kusiwe sababu ya kumfukuza kwenye vikao, ila kurudia kipigo kunabadilisha kila kitu na kunarudisha maswali ya hatari mwanzo. Usipime maendeleo kwa maneno yake. Muulize mama, peke yake tena, kama analala, kama anashika fedha, kama anaweza kubishana naye na asiogope; mwangalie mtoto kama bado anakimbilia nyuma ya nyumba jioni. Ziara ya mwisho ya mwaka iwe Agosti, mpunga ukishauzwa na fedha zikishajulikana zilikokwenda, na uanzie kwa mama.